Akaunti Yenye Majina Mawili

Baba,

Sauti uliyoniachia ni ya fimbo yako juu ya vigae. Mluzi wako wa kuwaita ng'ombe kijiji kizima kiliujua, na kikohozi chako cha wiki ya mwisho nilikaa nacho pale hospitalini mpaka nikakizoea, lakini hivyo viwili vimeanza kwenda mbali. Fimbo haijaenda. Tok, kimya kidogo, tok, ukivuka ukumbi wa ofisi ya dalali wa hisa pale Mbeya mjini, ukiweka mguu kwa hadhari kama mtu anayevuka mfereji asioujua kina chake. Mlinzi alikuwa amekuomba uiache mlangoni. Ukamwuliza kama na yeye akifika kwake huwa anauacha mkono getini. Akacheka, akakupisha, na waliokuwa kwenye foleni wakageuka kumtazama mzee wa shuka na viatu vya matairi aliyekuja kununua hisa.

Nilikuwa nyuma yako, nimebeba bahasha. Sijawahi kutembea nyuma ya mtu nikajiona mrefu namna ile.

Nakuandikia hadharani kwa sababu mambo yetu yameshasemwa hadharani, kuanzia mnadani Rujewa hadi kwa wenye maduka Mwanjelwa, na kila aliyeyasema aliyasema bila wewe na bila mimi. Watakaosoma hapa wengi hawakukujua. Niwaambie mbele yako, unirekebishe kimoyomoyo kama ulivyozoea: ulizaliwa Usukumani, ukaja bonde la Usangu ukiwa kijana, ukiswaga ng'ombe wa babu kwa miguu pamoja na mdogo wako, baba mdogo Luhende. Mkakuta majani marefu, mkakaa. Sisi tukazaliwa hapo, Masunga kwanza, kisha mimi. Masunga alipofika darasa la tatu ulimtoa shule akachunge, maana ng'ombe walikuwa wengi na mikono michache. Mimi nilipofika darasa la tatu ukaniacha niendelee. Sikuwahi kukuuliza kwa nini. Nilisoma hadi nikafika chuo Iringa, na hadi leo ninafanya kazi Iringa, kwenye ofisi ya chama cha ushirika, nikijumlisha mahindi ya watu wengine.

Ilikuwa likizo ya mwaka wangu wa mwisho chuoni. Ulikuwa umekaa nje ya zizi, Mama anakamua, Masunga amemshika ndama kwa shingo asimsumbue. Ukaniuliza wanatufundisha nini huko kwenye baridi. Nikakuambia siku hizo tulikuwa tunajifunza habari za hisa. Nilitegemea utasema vizuri, mwanangu, kisha uendelee na mambo yako. Badala yake ukahoji kama unavyomhoji mtu anayekuuzia mtamba.

Inazaa? Nikasema inatoa gawio, mara nyingi kila mwaka, kampuni ikipata faida. Isipopata? Hupati kitu. Ukasema sawa, hicho ni kiangazi. Inaweza kufa? Nikasema inaweza, kampuni ikifilisika. Na nani anaichunga? Nikasema kuna wakurugenzi. Ukataka kujua wakurugenzi wanalala wapi. Sikujua. Masunga akasema, bila kumwachia ndama, kwamba bila shaka wanalala kitandani na mlango umefungwa, ndiyo maana hawajui fisi amepita saa ngapi. Mama akacheka hadi maziwa yakamwagika kidogo.

Lakini wewe hukucheka. Miaka ile malisho yalikuwa yameshabanwa: upande huu mashamba ya mpunga, upande ule eneo la hifadhi, katikati njia ya ng'ombe inayozidi kuwa nyembamba kila msimu. Ng'ombe akitia mdomo kwenye mpunga wa mtu, faini. Akivuka mpaka, faini nyingine. Uliniambia baadaye kwamba ardhi ndiyo kitu pekee ulichokiona kikizaliwa kikubwa kisha kikakua kuwa kidogo.

Ukafanya uamuzi kwa akili ya kwetu. Sisi tuna desturi ya kuwekesha ng'ombe. Mtu mwenye kundi haliweki lote katika zizi moja. Anampelekea rafiki wa kijiji kingine baadhi yao, ili ugonjwa ukiingia kwake wasiishe wote. Aliyewekeshwa anakamua maziwa kwa ajili ya watoto wake, lakini ng'ombe ni wa mwenyewe, na ndama ni wa mwenyewe. Na desturi hiyo ina sharti lake: lazima awepo shahidi. Lazima mtu mmoja wa nyumbani kwako ajue ni ng'ombe yupi yuko kwa nani, kwa sababu ukifa kimya, wale ng'ombe wanazikwa pamoja na wewe. Kwako wewe hisa zilikuwa ng'ombe wa kuwekesha, kwenye zizi la mbali sana. Shahidi ukanichagua mimi.

Ndivyo ulivyoanza. Uliuza mafahali kadhaa na maksai wawili waliozeeka, si kundi lote, maana uliapa kwamba mchungaji usiyejua anakolala humpi ng'ombe wote. Masunga ndiye aliyewaswaga hadi mnadani. Wale maksai wote wawili aliwafundisha jembe yeye mwenyewe tangu wakiwa ndama. Aliporudi na kamba tupu alizitundika mahali pake, akala, akaenda kulala.

Nirudi kwenye vigae. Dada wa kaunta alikuwa na subira, na alikuita mzee kwa namna inayopendeza. Alipoona tuko wawili akauliza kama akaunti ni ya mmoja au ya pamoja. Ukasema andika mimi, na huyu mtoto kando yangu. Basi akatueleza, na mimi, niliyekuwa nimeyasoma hayo yote kwenye kitabu, nikayasikia kwa mara ya kwanza yakimhusu mtu mwenye uso.

Alisema akaunti ya pamoja kwanza mnaamua nani anaruhusiwa kutoa amri ya kuuza: yeyote kati yenu, au lazima sahihi zote mbili. Ukasema zote mbili. Kisha akashusha sauti, akasema kuna jambo lingine ambalo wateja wengi hawapendi kulijibu, nalo ni mmoja wenu akitangulia mbele za haki. Kuna namna ya kwanza, ambayo kila mmoja ana sehemu yake, na akifa, sehemu yake inaingia kwenye mirathi kama shamba au nyumba: unasubiri kikao cha ukoo, msimamizi anateuliwa, mahakama inampa hati, ndipo hisa zihamie kwa warithi. Na kuna namna ya pili, ambayo hisa zote ni za wote, na mmoja akifa, aliyebaki anakuwa mwenyewe wa zote. Haziingii kwenye mirathi kabisa.

"Kwa hiyo hiyo ya pili," ukauliza, "mimi nikifa, hakuna kikao?"

"Hakuna kikao, mzee. Aliyebaki analeta cheti cha kifo na kitambulisho chake, jina la marehemu linatolewa."

"Basi hiyo."

Nikakugusa mkono. Nikasema, Baba, tufikirie kwanza, tumwulize na Masunga. Ukaniangalia kwa ile sura yako ya kupima mvua.

"Kabula, kila kikao kina mdomo," ukasema. "Kabla hakijafungua kesi kinakula ng'ombe mmoja. Wakiketi mara tatu, utabaki na mkia."

Dada wa kaunta aliinamisha kichwa asionekane anacheka. Ukaandika jina lako herufi moja moja, ukishika kalamu kwa ngumi. Kisha ukanisogezea karatasi, nami nikaandika langu, chini ya lako. Sijui kama uliwahi kujua jambo hilo lilikuwa kubwa kiasi gani kwangu. Kwetu binti haandikwi kando ya baba. Binti huondoka, na ng'ombe huja badala yake. Siku ile ulisimama mbele ya mashahidi wageni, katika ofisi yenye kiyoyozi, ukasema kwa maandishi kwamba kuna kitu chako ambacho mimi sitaondoka kwacho.

Miaka iliyofuata ulikuwa mwenye hisa kuliko wenye hisa wote niliowahi kuwaona. Watu walikutania. Walisema Baba Masunga amenunua ng'ombe wasiokunya. Ukawajibu ndiyo, na ndiyo maana mpunga wa mtu hawajaukanyaga. Ulikuwa hujawahi kuonja bia, lakini sehemu ya hisa zako ilikuwa ya kiwanda cha bia, na ukipita kwenye kilabu pale Rujewa ulisimama mlangoni ukiwahimiza wanywaji. "Kunyweni taratibu, lakini msiache. Mnanikamulia." Gawio lilipoingia kwa mara ya kwanza uliniagiza nikutafsirie ujumbe wa simu mara mbili, kisha ukamwita Mama ukamnunulia magodoro mawili, ukawaambia wageni kwamba magodoro haya yametolewa na ng'ombe wa Dar es Salaam.

Masunga hakutania wala hakusifu. Aliendelea kuchunga. Kiangazi alikuwa akiondoka na kundi kwenda kutafuta maji mbali, anarudi amekonda, midomo imepasuka. Mimi nilikuwa Iringa, napokea simu yako kila gawio likiingia.

Uliondoka mwaka jana, mvua zilipokuwa zinaisha. Nilikushika mkono. Hukusema neno lolote kuhusu akaunti. Hukusema neno kuhusu mali yoyote, kwa kweli. Uliuliza kama ng'ombe wameshanyweshwa, na Masunga aliyekuwa upande wa miguu akasema wameshanyweshwa, Baba.

Matanga yalipoanuliwa kikao kikaketi, na hukukosea, ng'ombe mmoja alichinjwa kwanza. Baba mdogo Luhende akateuliwa kuwa msimamizi wa mirathi. Nakuomba usimkasirikie. Aliifanya kazi ile kwa haki kama alivyoijua: ng'ombe, jembe la kukokotwa, nyumba, kila kimoja kikatajwa kwa sauti mbele ya watu. Alipofika mwisho akasema, na hisa. Nikasema kwa upole kwamba hisa hazimo, kisheria zimeshatoka kwenye mirathi. Wakanitazama kama mtu aliyeongea usingizini. Kisha baba mdogo akasema, "Mwanangu, elimu ni nzuri. Lakini kila alichoacha marehemu ni cha kikao." Wote wakaitikia. Sikubishana. Nilijua ofisi ya Mbeya ingemweleza vizuri zaidi yangu, na kwamba kwake neno la ofisi lina uzito ambao neno langu halina.

Akapata hati ya mahakama, akavaa koti lako lile la kahawia, akapanda basi hadi Mbeya. Nimeambiwa aliketi pale tangu asubuhi. Walimpokea kwa heshima, wakaisoma hati yake, wakamrudishia. Wakamwambia hawawezi hata kumtajia kilichomo. Akawauliza mwenye akaunti si amekufa? Wakamjibu kwamba mmoja amekufa, lakini akaunti haijafa, maana mwenyewe mwingine yu hai. Hati ya mahakama inampa mamlaka juu ya mali ya marehemu, na ile haikuwa mali ya marehemu tena. Ilikuwa imeacha kuwa yake dakika ile ile aliyokata roho.

Hebu fikiria, Baba, mtu aliyetembea na wewe kutoka Usukumani hadi Usangu akiambiwa hivyo na kijana aliyefunga tai.

Alirudi na neno moja, na neno hilo likafika Iringa kabla mimi sijafika Rujewa: Kabula amefunga zizi, na ufunguo ameondoka nao.

Wakati huohuo nilikuwa nimeshapeleka cheti cha kifo, kitambulisho changu na barua niliyotakiwa kuandika. Ilichukua majuma. Kisha ikaja taarifa ya akaunti, mstari wa kwanza una jina langu peke yake. Niliisoma nimesimama kwenye veranda ya nyumba niliyopanga, ukungu wa Iringa umekaa juu ya paa za watu. Nililia kwa sababu walikuwa wamekufuta. Na nitakuambia ukweli, nililia pia kwa fahari. Hakuna aliyenipa kile kitu kwa huruma. Wewe ulijua unachofanya. Ulielezwa namna mbili, ukachagua moja, ukasema basi hiyo. Niliitembeza fahari hiyo mwilini kama shuka mpya, nikaenda nayo kazini, nikarudi nayo.

Kisha nikaenda nyumbani, kwa sababu Masunga alikuwa hapokei simu zangu.

Nilimkuta zizini asubuhi, anakamua. Siku hizi mkewe ndiye hukamua, lakini aliponiona nashuka kwenye bodaboda alichukua kibuyu mkononi mwa mkewe ili awe na kitu cha kufanya. Nikamsalimu. Akaitikia bila kunitazama. Nikasimama upande wa pili wa ng'ombe, nikaanza kumweleza. Nilikuwa nimejiandaa vizuri. Nikamweleza akaunti ya pamoja ni nini, na aliyebaki ana haki gani, na kwa nini ofisi haikuwa na makosa wala baba mdogo hakuwa na makosa. Nikamwambia Baba mwenyewe ndiye aliyechagua. Aliniacha nimalize. Masunga ana uvumilivu wa mtu aliyezoea kusubiri ng'ombe mia wanywe kisima kimoja.

"Sheria nimeisikia," akasema. "Mjini wanasema ni zako, ni zako. Sina kesi."

"Sasa mbona hupokei simu?"

Akaendelea kukamua kidogo. Kisha akasimama, akanitazama juu ya mgongo wa ng'ombe.

"Wale mafahali niliwachunga mimi. Wale maksai niliwafundisha mimi. Nilijua nawachungia Baba, kwa hiyo sikuwahi kuchoka. Sasa nataka uniambie wewe, siyo mahakama, siyo ofisi. Nilikuwa mchungaji wa Baba, au nilikuwa mchungaji wako?"

Baba, nimefanya mitihani mingi. Sijawahi kupewa swali ambalo kila jibu nililokuwa nalo lilikuwa sahihi na hakuna hata moja lililofaa.

Nilimwambia nitamjibu. Akasema hana haraka, akampa mkewe kibuyu, akafungua zizi. Tangu hapo nilijua kinachoweza kupotea. Hisa nilizo nazo hakuna wa kuninyang'anya. Kaka yangu alikuwa anaweza kuniondokea taratibu, bila ugomvi, akiendelea kunisalimia kwenye misiba.

Nilirudi Iringa na swali lake. Nilimtafuta rafiki yangu niliyesoma naye, ambaye sasa ni wakili, nikamwomba asinifariji, anieleze tu. Akasema kanuni ile inaiambia kampuni imtambue nani, imlipe nani gawio, imsikilize nani akitaka kuuza. Kwa hilo mimi niko salama. Lakini ndugu wakiamua kwenda mbele, korti inaweza kuuliza swali jingine kabisa: aliyeweka mali ile alikusudia nini? Alimpa mwenzake, au alimwekesha? Alitumia neno hilohilo, kuwekesha, na hakujua amenigusa wapi.

Maana hapo ndipo tulipokosea sote, na lilikuwa kosa ambalo lingeweza kutokea kwetu tu. Uliingia ofisini na desturi moja, ukatoka na sheria nyingine, na vyote viwili vilikuwa na jina langu. Kwa desturi, mimi ni shahidi, anayejua ng'ombe wako wapi. Kwa sheria, mimi ni mwenyewe. Uliposema basi hiyo, ulikuwa unaukimbia mdomo wa kikao. Sidhani ulikuwa unamkimbia Masunga. Nimelipindua jambo hili kila upande, asubuhi nikienda kazini na jioni nikirudi, na kila mara nafika hapo hapo: hukumtaja kwa sababu hukuona kama kuna haja. Kwako Masunga alikuwa ndani ya zizi kama nguzo zilivyo ndani ya zizi. Nani huandika nguzo?

Mimi nilimwona, hata hivyo. Mimi ndiye niliyesema tumwulize.

Mama nilimpigia. Nilitaka aniambie yuko upande wa nani. Akasema, "Mimi nakula kwenu wote wawili. Msinifanye nichague sahani." Akaniuliza kama huku Iringa nimepata sweta zito. Akakata.

Nataka uelewe kwamba sikuamua kwa kuogopa. Baba mdogo alikuwa amesema atakwenda mahakamani, na sikumwogopa. Wala sikuamua kwa kumhurumia Masunga, ambaye angeinusa huruma kabla sijafika getini. Niliamua kwa fahari ileile uliyonipa. Mtu anayemiliki kitu kweli ndiye anayeweza kukifanyia jambo bila kuombwa. Kama ningekuwa mrithi wa kikao, ningepewa kipande na kuambiwa nishukuru. Wewe ulinipa chote, mkononi, bila bwana wala kaka kusimama juu yangu, na ndiyo maana niliweza kukigawa nikiwa nimesimama wima.

Mwezi uliopita nilimtumia Masunga ujumbe: njoo Mbeya, njoo na kitambulisho. Hakuuliza kwa nini. Alikuja amevaa shati jeupe lenye mikunjo ya sanduku. Dada wa kaunta ni mwingine sasa, kijana zaidi. Alitueleza namna mbili zilezile kwa maneno karibu yaleyale. Masunga alisikiliza hadi mwisho, kisha akanigeukia akasema kwa Kisukuma kwamba ya pili inaonekana rahisi, haina makelele. Nikamwambia ndiyo, hiyo ndiyo aliyoichagua Baba.

"Basi tuchague hiyohiyo."

"Hapana," nikasema. "Wewe una watoto watatu. Ukitangulia wewe, hisa zote zinakuja kwangu, na wanao wanabaki kunitazama machoni kama wewe ulivyonitazama kule zizini."

Akageuza kitambulisho chake mezani. Yule dada akajifanya anapanga karatasi zake.

"Na ukitangulia wewe?" akauliza.

"Nusu yangu itagawiwa na kikao."

"Na kikao kitakula ng'ombe."

"Acha kimle."

Alicheka, Baba. Ni kicheko chako, sikuwahi kukitambua kwake kabla ya siku ile, labda kwa sababu ulikuwa ungalipo na hapakuwa na haja ya kingine. Kisha akauliza kama lile swali lake lilikuwa limejibiwa. Nikamwambia alikuwa mchungaji wa Baba, na nusu hii ni ndama wake yeye, malipo ya kuchunga. Akaitikia kwa kichwa kama anavyofanya akikubali bei.

Kwa hiyo sikufuata ulivyofanya, na nimeandika barua hii ili ulisikie kwangu mwenyewe. Uliikataa namna ya kwanza, mimi nimeichukua. Kwa sababu hapakuwa na mauzo walitaka maelezo ya kwa nini hisa zinahama, nikaandika kwa mkono wangu kwamba namrudishia kaka yangu jasho lake. Yule dada akasema sentensi hiyo haitakubalika, akanisaidia kuandika nyingine iliyo kavu. Sahihi tumeweka zote mbili, kama mlivyozoea nyinyi wazee, hakuna anayeuza bila mwenzake. Baba mdogo bado hajaniita tangu siku ya kikao, lakini jana Masunga alinipigia, akasema alimwonyesha karatasi, naye aliishika kwa muda mrefu, akaomba asomewe tena.

Pumzika, Baba, pale tulipokulaza, kwenye ardhi ambayo kwako haitapungua tena. Ninaishi vizuri. Nina sweta zito.

Hisa zilihama Jumatatu iliyopita. Zimekaa nusu kwa nusu, jina lake limetangulia, langu linafuata.

Binti yako uliyemwandika kando yako,
Kabula